Mama Anyoa Nywele, Majirani Watoa Pole

Pambo ni la kumtumikia mwenye kujipamba, wala si la kumtumikisha. Maneno hayo ni mepesi kuyasema, lakini mama mmoja mkaazi wa Namuwongo, mjini Kampala, aliijua maana yake akiwa amekaa kwenye kiti cha msusi, huku ngozi ya kichwa ikimwaka moto.

Mama huyo ni mke wa askari. Siku zile mumewe alikuwa Somalia, ambako Uganda ilianza kupeleka majeshi ya kulinda amani mwezi wa Machi 2007. Yeye alibaki na watoto wanne na meza yake ya chai na chapati karibu na reli iendayo Port Bell. Aliamka saa kumi alfajiri ili wafanyakazi wa viwandani wapitapo wakute chai imekwisha chemka. Mapumziko yake yalikuwa ni Jumamosi mchana tu, na kila baada ya majuma manane hata hayo aliyamalizia saluni, akingojea zamu ili nywele zake za kipilipili zipakwe dawa ya kuzinyoosha.

Jumamosi hiyo alifuatana na binti yake mkubwa. Msichana alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Shuleni alilazimika kunyoa nywele ziwe fupi, na sasa zilipoanza kurefuka alitamani sana kupakwa dawa kama mama yake. Mama ndiye aliyetangulia kitini. Jana yake alikuwa amefumua misuko na kujikuna, na dawa ikapenya pale pale penye mikwaruzo. Alipooshwa, alikuwa na kidonda nyuma ya sikio, na nywele nyingi zilibaki katika taulo.

Binti, aliyekuwa akitazama katika kioo, aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni lazima iume hivi?"

Mama hakuwa na jibu. Alilipa fedha za mtu mmoja badala ya wawili, wakarudi nyumbani kwa miguu.

Inafaa ieleweke kwa nini dawa hiyo huunguza. Nyingi katika dawa hizo zina kostiki soda, ile ile itumiwayo kutengenezea sabuni. Hata zile zisizo nayo huwa na dawa nyingine kali ya jamii hiyo. Kazi yake ni kuvunja kile kinachoushikilia unywele katika mkunjo wake. Ikikaa mno, huuvunja unywele wenyewe na kuichoma ngozi. Aidha, mwezi wa Oktoba 2022 yalitangazwa huko Marekani matokeo ya uchunguzi wa wanawake 33,497, waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Kwa wanawake wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, ilikadiriwa kuwa asilimia 1.64 wangepata kansa ya mfuko wa uzazi kabla ya kutimiza umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, kadirio lilikuwa asilimia 4.05. Uchunguzi huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo iletayo ugonjwa. Hata hivyo, mama aendaye saluni mara sita kwa mwaka ana haki ya kuijua habari hiyo.

Kidonda kilipopona, mama aliketi juu ya mkeka Jumapili jioni, akampa binti yake mkasi. "Kata zote zilizonyooshwa, mwanangu," alisema. "Zibaki zile zilizoota zenyewe." Pale nywele mpya zinapokutana na zile zilizotiwa dawa ndipo penye udhaifu, na ndipo zinapokatika. Walizikata zikiwa kavu, nao walifanya vema: nywele za kipilipili zikilowa hurefuka, na zikikauka hujikunja, hata mtu akashangaa kuziona fupi kuliko alivyokusudia.

Jumatatu asubuhi mteja wa kwanza alimtazama kichwani, akaweka kikombe chini. "Pole sana, mama," alisema. "Imetokea lini?" Kabla ya adhuhuri wanawake watatu walikuwa wamefika na sukari na kuni. Katika jamaa nyingi za Uganda kunyoa ni dalili ya msiba, na mke wa askari aliye vitani akinyoa, watu hawana haja ya kuuliza aliyekufa ni nani. Mama alicheka, kisha machozi yakamtoka, kwani pole ile ndiyo aliyokuwa akiiogopa kila usiku. "Baba yao yu hai," aliwaambia. "Zilizokufa ni nywele tu."

Usiku ule simu ililia kutoka Mogadishu. Habari ilikuwa imemfikia mume kupitia kwa askari mwenzake. "Niambie kweli," alisema, "ni yupi katika watoto?" Ilimbidi mama awaamshe wote wanne, kila mmoja aseme neno na baba yake, ndipo moyo wa mzee huyo ukatulia.

Bibi mmoja wa Kiacholi, miongoni mwa waliokuja kutoa pole, hakuondoka mikono mitupu bila ya kuacha kitu cha faida. Alimletea mama kikopo cha moo yaa, mafuta yakamuliwayo katika kokwa za mti unaoota kaskazini mwa Uganda, akamfundisha utaratibu anaoufuata hadi leo. Kila Jumamosi jioni huosha nywele, akazigawa mafungu manne, akazipaka mafuta zingali na unyevu. Huzichana kwa chanuo lenye meno mapana, akianzia nchani kwenda shinani. Mafuta ya kichwani hayafiki upesi kwenye ncha za unywele uliojikunja, kwa hiyo ukichanwa mkavu hukatika. Mwishowe binti humsuka biswahili, yaani misuko ya nywele zenyewe isiyoongezwa za bandia, wala haikazi. Msuko unaovuta daima huzing'oa nywele za pembeni mwa uso, na hatimaye haziotei tena. Kazi yote huchukua muda wa saa moja na nusu, nayo humtosha juma zima.

Mvi zilipochomoza, mama alinunua pakiti ya hina nyeusi. Hina halisi hutoa rangi nyekundu au ya kahawia. Ile inayofanya weusi wa haraka aghalabu hutiwa kemikali iitwayo parafenilinidaiamini, ambayo huwadhuru baadhi ya watu vibaya. Mama alijaribu kidogo nyuma ya sikio, akangoja siku mbili. Ngozi ilipovimba na kuwasha, aliitupa pakiti, akaziacha mvi zake.

Nywele huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi. Mume aliporudi nyumbani, zilikuwa zimefika kiasi cha kusukwa vizuri. Binti alikuwa mlangoni, naye amesukwa vivyo hivyo, kwa mikono ya mama yake. Habari ya kupakwa dawa hajaitaja tena.