Programu Kuwa Hai Si Kusema Mtandao Uko

Wasee, leo hakuna stori za mapenzi. Leo ni ile laptopu ya Linux inayosema kila kitu kiko sawa na WiFi inakatika kila dakika tatu.

Binamu yangu hufanya kazi ya kusikiliza rekodi na kuziandika. Analipwa kwa faili, na faili ikichelewa inapewa mtu mwingine. Laptopu yake ni mzee, ndiyo maana iliwekwa Void Linux, iko nyepesi. Fundi mmoja wa mtaa alishamwambia kadi ya WiFi imekufa, anunue ingine. Akaniletea mimi kwanza. "Si wewe ulikuwa unasomea hii maneno kabla uache?" Ndiyo dada, na hii hata sikufunzwa darasani.

Iko hivi. Nyuma ya pazia kuna programu zinazofanya kazi bila kuonekana. Zinaitwa demoni, na hapana, usimpigie pasta. wpa_supplicant inatumia nywila kukuunganisha na ruta. dhcpcd inaomba anwani ya IP. NetworkManager inataka kusimamia yote hayo yenyewe. Juu yao kuna nyapara, na kwa Void nyapara ni runit ya Gerrit Pape, iliyofuata wazo la daemontools ya Daniel J. Bernstein. Demoni akianguka, nyapara anamwinua. Huduma zinakaa /etc/sv, na ukitaka moja iwake unaweka kiungo chake kwa /var/service. runit hupitia hapo kila sekunde 5.

Napenda huu mpango juu unauona kwa macho. Unaandika ls /var/service na umejua nani ameandikwa kazi. Kwa ile laptopu nikakuta dhcpcd, wpa_supplicant na NetworkManager, wote watatu. Binamu alikuwa amefuata video mbili tofauti, kila moja ikimwambia awashe kitu chake. Hakuna iliyomwambia azime cha mwenzake, na hapo ndipo mimi huwakasirikia hawa walimu wa mtandaoni, wenzangu wa kazi.

Ukiuliza sv status, jibu ni run, run, run. Na ni ukweli, zote ziko hai! Lakini runit haijui WiFi ni nini. Inaangalia tu kama programu iko. Madereva wawili wanang'ang'ania usukani mmoja, huyu anaandika /etc/resolv.conf, yule anaifuta anaandika yake, na nyapara anaona kila mtu ameripoti kazini. Ukiua mmoja kwa kill ndiyo unachekesha zaidi, juu nyapara anamrudisha papo hapo. Hiyo ndiyo kazi aliyoandikiwa.

Kuna sv down, lakini hiyo ni likizo tu. Ukiwasha laptopu kesho, demoni amerudi. Kumfuta kazi ni kuondoa kiungo: rm /var/service/dhcpcd, halafu hivyo hivyo kwa wpa_supplicant. Usiguse /etc/sv, hapo ndipo faili zenyewe ziko. Tulibakisha NetworkManager kwa sababu binamu huhama hama, leo WiFi ya nyumba, kesho simu. Usishangae ukiona wpa_supplicant bado iko, NetworkManager huiita yenyewe ikiihitaji. Kama ingekuwa kompyuta ya kukaa mahali pamoja na kebo, ningeacha dhcpcd pekee na kulala.

Halafu kuna dbus. NetworkManager haiendi bila hiyo, na runit haina orodha ya nani anamtegemea nani. Skripti ya NetworkManager inauliza kama dbus iko tayari, kama haiko inatoka, nyapara anajaribu tena. Kuna watu huita hiyo ushamba. Mimi naisoma kwa mistari michache na kuielewa, kwa hivyo wacha iwe ushamba.

Ukijiandikia skripti yako, demoni asijifiche nyuma. dhcpcd huwashwa na -B ili ibaki mbele ya nyapara. Ikijificha, nyapara atadhani imekufa na ataanza kuwasha ingine, na ingine.

Binamu hakununua kadi, na zile faili anazipeleka kwa wakati. Kama yako pia inasumbua, niandikie vile ls /var/service inasema kabla upeleke pesa kwa fundi. sv status usinitumie.