Orodha ya Ijumaa

Mwaka 2003 darasa letu la sita lilifungua mwezi wa kwanza likiwa na wanafunzi arobaini na kitu. Kufikia wiki ya tatu tulikuwa 87. Serikali mpya ilikuwa imetangaza kwamba elimu ya msingi ni bure, na huku kwetu, nje kidogo ya mji wa Kitale, watu hawakungoja kuambiwa mara mbili. Dawati la watu wawili likakaliwa na wanne, wale wa pembeni tako moja ndani, lingine nje. Baadaye tulisikia kwamba kila mwanafunzi ametengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Tulichoona sisi ni daftari, kalamu, na kitabu kimoja cha Hesabu tulichosoma watu watano, wengine wakikisoma kichwa chini miguu juu.

Miongoni mwa waliokuja alikuwako mmoja tuliyemwita Babu. Alikuwa na miaka kumi na sita, labda kumi na saba. Aliacha shule akiwa darasa la tano kwa sababu ya pesa za ujenzi, akaenda kufanya kazi kwenye kinu cha kusaga mahindi cha mjomba wake. Alikuja shule na koti la mtu mzima lenye unga kwenye mishono, unga ambao haukutoka hata akilifua. Mwaka uliofuata gazeti zilijaa habari za mzee Kimani Maruge aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na miaka 84, na watu wote wakampenda. Babu wetu hakupendwa hivyo. Mtu wa miaka kumi na sita ndani ya kaptura ya shule hana picha nzuri ya gazeti.

Mimi nilikuwa monita. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wa umbo, mdomo mkubwa.

Wiki yetu ilikuwa na mwendo wake ambao hata leo uko mwilini mwangu. Jumatatu ni paredi, bendera, kukaguliwa kucha, halafu kuingia darasani na baridi ya Kitale kwenye magoti. Jumanne na Jumatano zilipita tu. Alhamisi ilikuwa siku ya insha. Ijumaa kila mtu alikuja na jerikeni ya lita tano ya maji kwa ajili ya kumwagia sakafu, kwa maana vumbi la darasa lilikuwa na funza, lakini kabla ya maji kulikuwa na mtihani wa Hesabu. Matokeo yalisomwa Jumatatu, na tulikaa kwa kufuata nambari: wa kwanza mbele karibu na dirisha, wa mwisho nyuma karibu na mlango. Hivyo kila Jumatatu darasa zima lilihama na mabegi yake, na mtu yeyote akiingia angejua kwa kutazama tu nani ni nani.

Babu alianza nyuma kabisa. Kiingereza chake kilikuwa kibaya na insha zake zilimkasirisha mwalimu. Sisi wengine tulijua kwamba insha inaanza na majogoo kuwika, jua kuchomoza na mhusika kurauka kama mtu aliyeitwa na polisi. Babu hakujua. Tulipopewa "Siku Ambayo Sitaisahau" aliandika kwamba ukanda wa mashine ulimkata mjomba wake kidole, wakakitafuta ndani ya unga hadi jioni, wateja wengine wakasubiri, wengine wakachukua unga wao wakaenda. Aliishia hapo. Alipata 12 kwa 40, na chini yake kwa wino mwekundu, "Tumia methali." Ilisomwa mbele ya darasa ili tucheke. Tulicheka. Leo nimesahihisha insha nyingi sana na bado hiyo ya kidole ndiyo ninayoikumbuka neno kwa neno.

Lakini Hesabu! Wakati fulani katika muhula wa pili nilishushwa hadi safu yake, baada ya kuugua malaria na kukosa mtihani. Kulikuwa na swali la mkulima mwenye magunia matatu ya kilo 90 aliyeuza mbili kwa tano ya mahindi yake. Mimi nilikuwa natafuta nini kinazidishwa na nini. Babu akanigusa na kiwiko.

"We mtoto, gunia moja ukigawia watu watano, kila mtu anabeba ngapi?"

"Kumi na nane."

"Wawili wakibeba?"

"Thelathini na sita."

"Na magunia ni mangapi? Sasa unalia nini?"

Alikuwa ameishi na mahindi. Aligawa gunia kwa gorogoro kichwani, akijua kabisa gorogoro ya nani imebonyezwa chini ili ipungue. Shida yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuandika njia. Aliandika 108, basi. Mwalimu alimnyima alama, "Njia iko wapi?" Kwa hiyo mimi nikamfundisha kuandika njia. Nilimwonyesha mahali pa kuweka mistari, mahali pa kuweka alama ya usawa, hata kama jibu tayari unalijua. Ilituchukua Alhamisi tatu au nne, saa ya mapumziko, nikila viazi vyake.

Halafu akaanza kupanda. Mwezi wa sita alikuwa katikati ya darasa. Mwezi wa saba, Jumatatu moja, ikasomwa kwamba amepata 46 kwa 50 na mimi 43, na nikahamisha begi langu nyuma yake. Alikuwa mrefu hata sikuona ubao. Nilifurahi? Hapana. Nilisema kwamba nimefurahi.

Ijumaa ya wiki hiyo mvua ilinyesha juu ya mabati hata hakuna aliyemsikia mwenzake. Mwalimu alikusanya karatasi akaenda ofisini kusahihisha na kuniachia darasa. Kazi ya monita ilikuwa kuandika wapiga kelele. Orodha ilikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: ikiwa na majina chini ya kumi, monita ndiye wa kumi. Kila monita alijua. Ndiyo sababu watu walinunua amani mapema, kwa mkate, kwa kalamu, kwa kunibebea jerikeni. "Usiniandike bana, kesho nakuletea." Nilikula sana mwaka ule.

Nilikuwa na majina tisa. Babu alikuwa amelala juu ya mikono yake, kwa sababu usiku alisaga. Hakuwa ametoa hata kikohozi. Nimejieleza mara nyingi kwamba nilimchagua kwa kuwa alikuwa mkubwa, kwamba angevumilia, kwamba mwalimu angeona aibu kumchapa. Ni kweli niliyafikiria hayo, lakini niliyafikiria baada ya kuandika. Kalamu ilitangulia.

Adhabu ya kiboko ilikuwa imepigwa marufuku miaka miwili kabla, 2001. Tuliisikia kwenye redio kama tunavyosikia habari za mvua ya nchi nyingine. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyeajiriwa na wazazi, hajasomea ualimu, na pengine hakumzidi Babu kwa zaidi ya miaka mitano. Aliita majina. Wengine tisa walinyoosha mikono kama kawaida, wakalia kama kawaida. Babu aliitwa mwisho. Alisimama, akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Mimi?" Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye dawati. Akaambiwa ashike ubao kwa sababu kwenye dawati hakutosha. Alichapwa viboko vinne na unga kidogo ukaruka kutoka kwenye shati. Darasa zima halikucheka. Mwalimu naye alikuwa amegeuza uso kuelekea dirishani.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Kwenye mtihani wa Ijumaa nilirudi dirishani.

Nilikuwa mwalimu. Bado ni mwalimu, gredi ya sita, shule nyingine lakini tarafa ileile. Mtihani wa KCPE umekwisha, watoto wa mwisho waliufanya 2023, na siku hizi hatusomi nambari za nani wa kwanza nani wa mwisho. Tunaandika kama mtoto amefikia matarajio au anayakaribia. Wazazi huniuliza kando, "Mwalimu, tuseme ukweli, wangu ni wa ngapi?"

Babu ana kinu chake sasa. Watu wanamwita Baba Mapacha. Kwa miaka nilisagisha mahindi kwingine, mbali, nikisingizia bei. Mwaka juzi cha kule kiliharibika nikalazimika. Alinitambua kabla sijashusha gunia.

"Monita!"

Tuliongea habari za mvua, mbolea, watoto. Mashine ilipozimwa nikamwambia. Nilisema yote haraka, kama mwanafunzi anayekiri kuvunja dirisha. Alinisikiliza akipangusa mizani.

"Mwalimu, mimi niliacha kwa sababu mjomba aliuza mashine moja na mama hakuwa na kitu. Hiyo orodha hata sikumbuki."

Kisha akapima unga wangu, akaongeza kidogo juu, akakataa pesa. Nilipofika barabarani nikakumbuka kwamba jina la monita nililiacha nyuma nilipomaliza darasa la sita, na kwamba mtu asiyekumbuka chochote hasemi "hiyo orodha". Au labda anasema. Sijarudi kumuuliza.

Darasani kwangu hakuna orodha. Niliwaambia siku ya kwanza, na huwakumbusha kila muhula. Ijumaa iliyopita niliitwa ofisini kwa dakika kumi hivi. Niliporudi darasa lilikuwa kimya kuliko nilivyoliacha. Ubaoni palikuwa na majina tisa, yamepangwa kwa nambari, mwandiko mzuri, na msichana mmoja mdogo alikuwa amesimama na chaki mkononi akitazama safu moja baada ya nyingine.

Nikamwomba anipe chaki.