Niliweka Albamu ya Mayowe ya Wamarekani Saluni, Mama Mmoja Akaondoka na Rasta Nusu Kichwa

Jamani wadau, kabla hamjaanza kusema nimeingia frimasoni, nisomeni kwanza.

Albamu yenyewe inaitwa Sunbather, ya bendi ya Deafheaven kutoka San Francisco, Marekani. Ilitoka Juni 2013, nyimbo 7, karibu saa nzima. Ni bleki metali, au tuseme inagombewa kama ni bleki metali. Kwa ambaye hajawahi kuusikia huo muziki: magitaa yananguruma kama mashine ya kukoboa, ngoma zinakimbia kama singeli, na muimbaji haimbi, anapiga mayowe. Hata uwe na Kiingereza cha bungeni hutoki na neno.

Mimi nasuka hapa Kalinzi, huku milimani kwetu Kigoma, kwenye kahawa na baridi. Saluni tuna spika moja, na asubuhi ni gospo, mchana Bongo Fleva, jioni anaweka yeyote mwenye chaji. Jioni hiyo mwenye chaji nilikuwa mimi.

Sasa kule Marekani watu waliigombania hii albamu vibaya sana. Wachambuzi waliipa alama za juu mno, na Apple wakaonyesha kava lake walipokuwa wanatangaza simu. Mashabiki wa siku nyingi wakawaka. Kisa? Kava ni la pinki, wenye bendi wamenyoa vizuri wanaonekana watanashati, na katikati ya kelele kuna magitaa matamu. Wakasema hii siyo yenyewe, hawa ni maboya. Ni ugomvi ule ule wa wazee wa dansi walipoikataa Bongo Fleva, halafu watu wa Bongo Fleva nao wakaja kuidharau singeli.

Hiyo pinki wenyewe wameieleza: ni rangi unayoiona ukilala juani na kufumba macho. Jaribu. Sisi tuliokua kwenye vichanja vya kahawa, ukichoka kuchambua unajilaza pembeni na jua linakupiga usoni, tunaijua kabla ya Deafheaven kuzaliwa.

Turudi saluni. Hakuna aliyeuliza kama ni bleki metali ya kweli, maana hakuna aliyekuwa na hilo jina kichwani. Kwa hiyo maoni yao yalikwenda moja kwa moja kwenye sauti.

Dada mmoja anayeleta dagaa kutoka ziwani alisikiliza kama dakika mbili akasema, "Huyu kafiwa." Mwalimu mmoja, jina nalihifadhi, akasema huo siyo muziki, hauna meseji. Na mama mmoja wa maombi, anayefahamika sana hapa kwetu, akasema, "Mwanangu, zima hilo pepo." Nikapunguza sauti. Akasema nizime. Nikamwomba wimbo uishe, nao una dakika tisa. Akanyanyuka na rasta upande mmoja, akajifunga kilemba, akaondoka. Kesho yake alirudi nikammalizia, tukaongea vizuri tu.

Na sitamcheka, maana hajatoa pepo hewani. Jina la huu muziki lilitoka kwenye albamu Black Metal ya bendi ya Kiingereza, Venom, mwaka 1982, na mashetani yalikuwa kwenye kava kweli. Norwe miaka ya 90 baadhi ya vijana wa muziki huu walichoma makanisa, na kukawa na mauaji. Mtu akisikia mlio akahisi kuna moto nyuma yake, hajakosea historia. Ila kwenye hii albamu huyo shetani simwoni. Kuna hata wimbo wamemrekodi mhubiri wa mtaani anahubiri habari za jehanamu. Nilimwambia mama. Akasema hata pepo linajua Maandiko. Hapo nikakosa jibu.

Mwalimu ndiye nilimbishia. Hauna meseji kwa sababu maneno hayasikiki? Mwalimu, si tunakesha wote? Saa nane usiku kanisani watu wanalia mpaka sauti zinakatika, wengine wananena kwa lugha, na hakuna anayeinua mkono kuuliza meseji ni nini. Tunajua mtu ana mzigo.

Akasema basi hayo ni mambo ya wazungu. Hapana, sogea Nairobi tu hapo. Kuna vijana wawili, Martin Kanja na Sam Karugu, walikuwa na kundi linaitwa Duma, yaani giza kwa Kikuyu. Albamu yao ilitoka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Siyo bleki metali kamili, ni binamu yake mwenye kompyuta, na ukali wake unaipita Sunbather mbali. Kanja, anayejiita Lord Spikeheart, mwaka 2024 akatoa The Adept, akaitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, yule mpiganaji wa Mau Mau aliyepanda cheo hadi Field Marshal. Mwalimu anafundisha historia. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Huyo sawa, ana sababu ya kupiga kelele."

Kumbe tunatafuta sababu. Haya.

Kijana mmoja wa bodaboda, alikuwa mlangoni anamsubiri abiria wake, akauliza huyo Mmarekani sababu yake ni nini. Nikamweleza nilivyosoma: muimbaji, George Clarke, aliwahi kupita na gari mtaa wa matajiri, akaona msichana kalala kwenye majani nyumbani kwao anaota jua. Basi. Akajiona alivyo mbali na yale maisha. Jina la albamu likatoka hapo.

Kijana akacheka kwanza. Halafu akasema aliwahi kubeba tofali Dar, site ya Masaki, miezi saba. Kila asubuhi kulikuwa na mtoto wa nyumba ya jirani anacheza na mbwa bustanini. "Sikumchukia," akasema. "Nilikuwa nataka kupiga kelele tu." Alirudi Kalinzi mikono mitupu, na nyie mnajua watu wanavyomsema mtu aliyerudi mikono mitupu. Hata humu saluni tumemsema, tena mimi nikiwepo.

Bibi mmoja aliyekuwa anasubiri kunyolewa, na muda wote hakutoa maoni yoyote, ndo akauliza, "Anamwita nani?" Huku kwetu mtu akiwa mlima huu na wa kwake yuko ule, anapaza sauti hivyo hivyo, maneno yanapotea bondeni, inafika sauti tu. Na wa ng'ambo anaitika.

Bosi wangu amepiga marufuku, spikani haipigwi tena, na biashara ni yake. Yule wa boda nilimwingizia yote kwenye memori kadi. Wewe ukitaka kujaribu usianze na wimbo wa kwanza. Anza na wa pili, Irresistible, ni gitaa na piano tupu, dakika tatu, hakuna yowe hata moja. Hata mama wa maombi huo aliuliza ni wa kwaya gani.