Mitumbwi ya Usiku

Mwaka 1972, masika yakielekea ukingoni, mitumbwi isiyokuwa ya wavuvi ilianza kufika kijijini kwetu usiku. Tuliishi kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma, mahali ambapo Burundi si mbali kwa mtu anayejua kupiga kasia. Mauaji yalikuwa yameanza huko mwishoni mwa Aprili, na watu wa Rumonge na Nyanza-Lac wakakimbilia majini. Sisi watoto tuliyasikia kwa vipande: kwamba wanauawa waliosoma, hata walimu, hata wanafunzi.

Kwetu wakaja watu watano: mwalimu, mkewe na watoto wao watatu.

Baadaye nilifanya kazi ya ualimu hadi nikastaafu, na nimekaa kwenye semina nyingi za malezi. Bado naamini kwamba somo la utu nililipata katika uwanja ule wa nyumbani, kwa watu ambao hawakujua kuwa wanafundisha.

Usiku wa kwanza mama alipika ugali wa muhogo na dagaa kwa mawese. Tulipokaa kula hakuwaacha wageni wakae upande wao. Aliwapanga watoto wao katikati yetu, mmoja huku, mwingine kule, sinia moja, akaanza kumnawisha mikono yule mdogo wao kabla yetu. Dada yangu alipofungua mdomo kuuliza waliotoka nao kule wamebakia wapi, mama alimtuma maji. Baadaye, jikoni, akamwambia kwa upole: "Mwanangu, mtu anayekula haulizwi. Akitaka kusema atasema mwenyewe." Kiha chetu na Kirundi chao vinasikilizana, kwa hiyo swali lingeeleweka vizuri sana, na hilo ndilo alilolihofia.

Chakula hakikuwa kingi. Siku za mbalamwezi wavuvi hawaingii ziwani na karabai zao, na dagaa huadimika. Tulipunguziwa sote, na mama alijipunguzia zaidi. Hakulisema, tuliliona.

Lakini kitu ninachokitafakari zaidi si chakula. Yule mama mgeni alianza kukaa ukutani siku nzima, ameinamisha kichwa. Mama akamfuata na mchi. "Dada, nisaidie kutwanga, mikono yangu leo imechoka." Mikono ya mama haikuwa imechoka hata kidogo, alitoka pale akaenda kukata kuni. Tangu siku hiyo walitwanga pamoja kwa zamu, na siku moja nikawasikia wakicheka.

Baba naye alifanya yake. Alikuwa amejifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima, na alijivunia sana kusoma barua zake mwenyewe. Wiki zile alimpelekea mwalimu daftari zetu za hesabu kila jioni na kumwomba azikague, "maana mimi, mwalimu, nimeishia kwenye kujumlisha." Mwalimu alikaa chini ya mchikichi, sisi na wanawe tumemzunguka, na sauti yake ikawa inarudi kidogo kidogo. Ni wazazi wachache niliowahi kuwaona wakimpa mtu heshima yake mkononi namna ile, bila kumfanya ahisi amepewa.

Kisha serikali ikawahamisha wakimbizi. Wengi walipelekwa Ulyankulu, mkoani Tabora. Baadaye yakafunguliwa makazi ya Katumba na Mishamo. Wageni wetu waliondoka kwa treni. Mama aliwafungia muhogo mkavu, na yule mama akamwachia kitenge alichovuka nacho. Mama alikataa, kisha akakipokea. Nadhani alitambua kwamba kukikataa kungemuumiza mwenzake.

Mwaka 2014, Tanzania ilipoanza kuwapa vyeti vya uraia wakimbizi wa 1972, zaidi ya 160,000, nilikutana Tabora na yule mtoto mdogo wao, sasa mtu mwenye mvi. Nilitarajia akumbuke dagaa, au jinsi alivyonawishwa mikono. Yeye alikumbuka siku alipoangusha ndoo njiani akitoka ziwani. Mama alimgombeza kama alivyotugombeza sisi, kwa maneno yaleyale, akamrudisha kuchota tena. Aliniambia kuwa alikwenda akilia, na kwamba siku hiyo ndipo alipoamini hatafukuzwa.