Kanisa la London lililovuka bahari

Huenda mwanafunzi anayesoma Julius Caesar darasani hajawahi kusikia jina la St Mary Aldermanbury. Hilo lilikuwa kanisa la parokia ndogo katikati ya London ya kale, na ukienda kulitafuta huko leo hutalikuta. Liko Fulton, mji mdogo wa jimbo la Missouri, Marekani.

Wawili kati ya waumini wake, John Heminges na Henry Condell, walikuwa waigizaji wenzake William Shakespeare na pia wazee wa kanisa. Shakespeare alipofariki mwaka 1616, karibu nusu ya tamthilia zake hazikuwa zimepigwa chapa. Marafiki hao walizikusanya, na mwaka 1623 kikatoka kitabu chenye tamthilia 36. Kumi na nane kati yake, zikiwemo Julius Caesar na Macbeth, hazikuwa zimewahi kuchapishwa. Lau si wao, pengine Mwalimu Nyerere asingalikuwa na Julius Caesar ya kutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963! Condell alizikwa kanisani humo mwaka 1627, naye Heminges mwaka 1630.

Moto mkubwa wa London uliliteketeza kanisa mwaka 1666, na msanifu mashuhuri Christopher Wren akalijenga upya. Kisha, usiku wa Desemba 29, 1940, mabomu ya Wajerumani yakalichoma tena. Kuta na mnara tu ndivyo vilivyobaki.

Mbona safari hii halikujengwa upya palepale? Ni kwa sababu parokia yenyewe ilikuwa imekwisha kupungukiwa na watu. Tangu karne ya 19, nyumba za kuishi katika eneo hilo zilikuwa zikigeuzwa ofisi na mabohari, na familia zikahamia vitongojini. Kama ilivyo katikati ya Nairobi, watu walikuja kazini asubuhi na jioni wakarudi makwao. Nani angejaza viti Jumapili?

Wakati huo Chuo cha Westminster, Fulton, kilikuwa kikitafuta kumbukumbu ya Winston Churchill, aliyetoa hapo hotuba yake ya "pazia la chuma" Machi 5, 1946. Mawe zaidi ya 7,000 yalitiwa nambari moja moja, yakavushwa Atlantiki kwa meli, na kanisa likafunguliwa Mei 1969. Kazi hiyo inastahili sifa, ingawa mimi naona parokia ni watu wa mtaa fulani, na hao hawakupakiwa melini.

Kule London pamebaki bustani ndogo, mawe ya msingi na sanamu ya Shakespeare iliyowekwa mwaka 1896 kwa heshima ya Heminges na Condell. Saa za mchana wafanyakazi wa ofisi za jirani huketi hapo wakala chakula chao.