Maradhi Yasiyotajwa Barazani

Tunaoandika ni wawili, mume na mke, wakazi wa Ngamiani mjini Tanga, na ndoa yetu ina miaka 23 sasa. Mgonjwa miongoni mwetu ni mke. Hata hivyo tumekubaliana kusema "sisi", kwa sababu maradhi haya yalipoingia nyumbani hayakumpata mmoja peke yake. Na hasara kubwa tuliyoipata ilitokana na kila mmoja wetu kubeba fungu lake kwa siri.

Lililotufika ni jambo ambalo watu hulitaja kwa kunong'ona: kushindwa kuuzuia mkojo. Tulisita sana kulileta katika ukurasa unaosomwa na wazazi pamoja na watoto wao. Kisha tukawakumbuka wanawake wa Kiansari, waliomwendea Mtume (s.a.w.) na kumuuliza waziwazi habari za hedhi, janaba na tohara, na Bibi Aisha (r.a.) akawasifu kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Ikiwa wao waliuliza, sisi tunyamaze kwa hoja gani?

Maumivu yalianza miaka 7 iliyopita, mabegani na shingoni, yakashuka mgongoni, nyongani na magotini, mpaka kikawa hakuna kiungo kisicholalamika. Kukuna nazi moja kukawa kazi ya kupumzikia mara tatu. Usingizi ulikuja, lakini asubuhi mke aliamka amechoka kama aliyekesha akitwanga. Hata kumbukumbu ikaanza kumwacha: chumvi ilitiwa mchuzini mara mbili, na jina la jirani likampotea hali anamtazama usoni. Tulipima damu, tukapiga picha za eksirei, tukaambiwa kila kitu ni salama. Katika kituo kimoja cha afya tuliambiwa kuwa ni mawazo tu. Baadhi ya jamaa walisema ni hasadi, wengine wakasema ni jini. Tulisomewa ruqya, wala hatujuti, kwani Qur'ani ni shifaa. Lakini dini yetu haikutuamuru tuchague kisomo tuache tabibu.

Mwaka wa tatu wa maumivu tulipanda basi kwenda Dar es Salaam. Huko daktari bingwa alimsikiliza mke kwa muda mrefu kuliko wote waliotangulia, akambonyeza hapa na pale, kisha akautaja ugonjwa kwa jina lake: fibromialjia. Alitueleza kuwa hauonekani katika damu wala katika eksirei. Vipimo hufanywa ili kuondoa maradhi mengine yanayofanana nao. Hutambuliwa kwa maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi 3 au zaidi, uchovu, usingizi usioburudisha na akili kuwa nzito. Vigezo vilivyotolewa mwaka 1990 na madaktari wa Marekani viliwataka wabonyeze sehemu 18 za mwili, na mgonjwa aumie angalau katika 11; vile vya 2010 viliiacha hesabu hiyo. Viungo haviharibiki. Kinachokwenda kombo ni namna ubongo na uti wa mgongo vinavyozipokea habari za maumivu, mithili ya redio iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho, ambayo hata mnong'ono huutoa kama ukelele.

Tulirudi Tanga tukiwa na jina la ugonjwa na vidonge vya kunywa usiku. Lakini kulikuwa na jambo ambalo mke hakumwambia daktari, na mumewe pia hakumwambia.

Kwa karibu mwaka mzima haja ndogo ilikuwa ikimjia ghafla na kwa nguvu, na kabla hajavuka ua kufika chooni, matone yalikuwa yamekwisha tangulia. Akikohoa au akinyanyua ndoo, hali ilikuwa hiyo hiyo. Alichana khanga kuukuu akatengeneza vitambaa, akawa anavifua usiku na kuvianika chini ya nguo nyingine. Akapunguza kunywa maji. Akaacha darsa ya wanawake, akaacha harusi na hitima, na hata msiba wa shangazi yake hakuukalia mpaka mwisho. Watu wakasema anaringa. Nyumbani akahamia chumba cha watoto kwa kisingizio cha joto. Mume akalipokea vingine: alidhani amechokwa. Naye, kwa kiburi ambacho leo anakijutia, hakuuliza. Akawa anakaa barazani kwa wenzake mpaka usiku mwingi ili asirudi kwenye kitanda kitupu.

Zito kuliko yote lilikuwa sala. Kila wakati wa sala mke alioga mwili mzima, akabadili nguo zote, akasimama kwenye msala, akahisi tone, akakata sala, akaanza upya. Adhuhuri ilimkuta Alasiri angali akihangaika. Kuna siku aliisali Isha mara nne. Mwishowe akaanza kuziacha, akijiambia kuwa mtu mwenye najisi hana sala, na akawa anatia alama katika daftari la shule la mtoto, mstari mmoja kwa kila sala, ili azilipe siku atakayopona.

Usiku mmoja, yapata saa tisa, mume aliamka akasikia maji yakimwagwa uani. Alipotoka alimkuta mkewe ameinama juu ya beseni.

"Mke wangu, unafua nini saa hizi?"

"Rudi ukalale, mume wangu. Haya si ya kwako."

Alirudi ndani, lakini hakulala. Juu ya meza ya watoto palikuwa na daftari lililofunguliwa, kurasa zimejaa mistari iliyofungwa mitano mitano. Akatoka nalo mkononi. "Hili ni deni la nani?"

"Ni langu kwa Mola wangu," mke akajibu, na hapo akashindwa kujizuia kulia. Tulikaa kwenye ngazi ya uani mpaka Alfajiri ikaadhiniwa. Mke alieleza yote. Alisema hakuhama chumba kwa chuki, bali aliogopa harufu imfikie mumewe. Mume naye akaeleza aliyokuwa akiyadhani. Tuligundua kuwa kwa mwaka mzima tulikuwa tumeishi nyumba moja kila mtu akimsitiri mwenziwe na jambo ambalo halikuwapo.

Hatukuanza kwa daktari. Kilichokuwa kikimmaliza mke zaidi ni lile daftari, kwa hiyo tulianza kwa Ustadha anayesomesha wanawake mtaani kwetu. Alitusikiliza bila kustaajabu, akatueleza hukumu kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika mwambao huu. Mwenye kutokwa na mkojo pasipo kuuzuia anayo hukumu inayofanana na ya mwanamke mwenye damu ya istihadha, na asili yake ni mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kwa Bibi Fatima binti Abi Hubaishi (r.a.). Wakati wa sala ukishaingia, ajisafishe, ajifunge kitambaa au pedi safi, atawadhe, kisha asali bila kuchelewa. Kitakachomtoka baada ya hapo, kwa udhuru huo, hakimbatilishii sala. Kwa kila sala ya faradhi atatawadha upya. Sunna atasali atakazo.

Ustadha aliongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Ruhusa hii ni ya yule asiyepata katika wakati wa sala nafasi ya kutosha kutawadha na kusali akiwa tohara. Siku ambayo nafasi hiyo inapatikana, aingojee na asali kama watu wengine. Na mwenye kushuku tu kwamba ametokwa, bila yakini, asikate sala, kwani kwa wanachuoni wetu yakini haivunjwi na shaka. Maumivu yakimzuia kusimama, asali kwa kukaa. Ama zile sala zilizoachwa, alimwambia azilipe kidogo kidogo kwa kadiri ya nguvu zake, asijivunje wala asikate tamaa. Alitukumbusha aya ya 78 ya Suratul-Hajj, kwamba dini hii haikuletwa kuwa mateso kwa waja. Mke alitoka pale akitembea kama aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Baada ya hapo tukarudi hospitali, safari hii wawili, na mke akasema lililokuwa halijasemwa. Kwanza alipimwa mkojo, kwa kuwa maambukizo ya njia ya mkojo huweza kuleta hali hiyo hiyo, na akapimwa sukari. Dawa zote alizokuwa akitumia zikapitiwa, maana zipo zinazokigusa kibofu. Tukaelezwa kuwa kwa wenye fibromialjia kibofu nacho huweza kuwa na hisia kali kupita kiasi: kibofu cha mtu mzima huweza kubeba kiasi cha mililita 400 hadi 500, lakini kilichochokozeka huomba kutolewa kikiwa bado na mkojo kidogo tu. Ule mkojo wa kukohoa na kunyanyua ndoo una sababu nyingine, nayo ni udhaifu wa misuli ya chini ya nyonga inayokishikilia kibofu. Mke alikuwa na yote mawili.

Tiba tuliyopewa ilihitaji subira kuliko fedha. Kwa siku tatu tuliandika kila alichokunywa, kila alipokwenda haja na kila alipotokwa. Kisha akaanza kukizoesha kibofu: kama alikuwa akienda kila saa moja, aliongeza dakika 15, na alipozizoea akaongeza nyingine. Haja ikimshika ghafla, alifundishwa asikimbie. Akae au asimame, akaze misuli mara chache, avute pumzi, angoje ipungue, ndipo aende taratibu. Mazoezi ya kukaza misuli hiyo yalipata umaarufu kwa maandishi ya mwaka 1948 ya Arnold Kegel, daktari wa Marekani, na matunda yake huonekana baada ya miezi, yapata 3. Lakini mtaalamu wa tiba ya viungo alituonya kuwa mwenye fibromialjia huenda misuli yake imekakamaa tayari, na kuikaza zaidi humzidishia maumivu; hivyo mke alifundishwa kwanza kuilegeza, kisha ndipo kuikaza. Ndiyo maana tunawasihi wasomaji wasijianzishie wenyewe kwa kuhadithiwa.

La maji lilitushangaza. Kujinyima kunywa kulikuwa kukimdhuru, kwani mkojo mzito hukichokoza kibofu, na choo kigumu hukibana. Alirudia kunywa maji mchana, akayapunguza saa chache kabla ya kulala, na chai ya rangi na kahawa akaziacha isipokuwa kikombe kimoja asubuhi. Mwezi wa Ramadhani hugawa maji yake kidogo kidogo baina ya futari na daku, na siku ambayo ugonjwa umemzidi hutumia ruhusa ya mgonjwa, akalipa baadaye.

Nyumbani tulifanya mambo madogo. Tulitandika nailoni chini ya shuka, tukaweka taa kwenye njia ya chooni na ndoo yenye mfuniko chumbani kwa usiku. Mkoba wa mke haukosi pedi, khanga ya akiba, mfuko wa plastiki na chupa ya maji ya kustanjia. Shughulini hukaa karibu na mlango. Katika safari ya basi mume humwambia kondakta mapema kwamba tutahitaji kusimama, na husema "tutahitaji", siyo "atahitaji". Vitambaa, siku ambazo mikono ya mke inauma, huvifua mume. Mara ya kwanza mke alikataa kwa haya. Mume akamuuliza ni nani aliyemuuguza yeye alipolazwa na malaria.

Tungetamani kuandika kwamba amepona. Hajapona. Maumivu huja na kuondoka, na wiki hii pia kuna usiku shuka ilibadilishwa. Lakini matukio yamepungua sana, amerudi kwenye darsa, na amerudi chumbani kwetu. Lile daftari bado lipo. Sasa kila baada ya sala ya faradhi hulipa moja ya zamani, kisha huukata mstari wake.

Tuna maneno matatu ya kuagana. Dada zetu, msiseme ni uzee au ni uzazi mkanyamaza. Nendeni hospitali, na mkiona damu katika mkojo, au miguu ikilegea ghafla, au ganzi ikiingia sehemu za siri, nendeni siku hiyo hiyo. Waume, mke akijitenga, muulizeni kwa upole kabla hamjamdhania. Na viongozi wa misikiti, mnapojenga, wawekeeni wanawake choo na maji karibu na mahali pao pa kusalia, na hukumu ya wenye udhuru isomeshwe wazi kama zinavyosomeshwa nguzo za sala, kwani huenda katika mtaa wenu yuko mtu mwenye daftari kama letu.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wote, awape subira wanaowauguza, na azipokee sala zetu pamoja na upungufu wake. Amin.