Shoka Halikuguswa

Kwetu Didia, kabla ya kanuni za mwaka 2020 kuruhusu bucha za nyamapori, swala aliingia usiku, ndani ya gunia. Bila kibali, nyama ile ni nyara ya serikali. Jela nje nje! Shoka halikuguswa, mlio ungewaamsha majirani. Mimi nashika koroboi, mjomba anatafuta kiungo kwa kidole gumba, anapitisha kisu, paja linaachia kimya. Anabandua ule utando mweupe, anachana minofu kufuata nyuzi, chumvi, juu ya moshi. Nyamapori haina mafuta, bwana, hukauka upesi.

Siku hizi nanunua bucha ya mjini. Risiti napewa. Wanakata kwa shoka, mchuzi umejaa vipande vya mfupa. Mama hutafuna polepole, anatema, anauliza kaka yake atatoka lini.